Hondohondo wa Siku Kumi na Tisa

Barua iliyonitia aibu niliipokea mwenyewe na kuigonga muhuri mwenyewe. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya hifadhi ya msitu, na kila karatasi inayoingia hupita mezani kwangu kwanza. Naifungua, naigonga muhuri wa tarehe kwenye kona ya juu, naiandika katika daftari la barua zinazoingia, kisha naipeleka kwa Mkuu. Asubuhi ile zilikuja barua nne. Ya kwanza ilihusu matairi. Ya pili na ya tatu zilikuwa nakala za waraka mmoja. Ya nne ilitoka kwenye kamati ya tuzo za uhifadhi, na ndani yake kulikuwa na jina langu.

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Kamati ilikuwa imeniteua kupokea tuzo ya mwaka kwa mchango wangu katika uhifadhi, “kwa kuhesabu hondohondo wa msitu huu kila siku kwa miaka kumi na miwili bila kukosa hata siku moja.” Mkaguzi angekuja baada ya wiki mbili kuiona miti yenyewe na kupitia fomu. Akiridhika, sherehe ingefanyika mwisho wa mwezi.

Nikaigonga muhuri. Ulikaa sawasawa, haukupinda hata kidogo. 

Niseme mapema nisimzungushe mtu: sijawahi kuhesabu hondohondo. Katika miaka ishirini ya kazi nilikuwa nimeingia msituni mara nne, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa kumtafuta dereva. Aliyehesabu ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ni mfagizi wa ofisi yetu.

Shemeji anaishi ng'ambo ya msitu, na njia yake ya kuja kazini inapita chini ya miti saba mikubwa yenye mashimo ambamo ndege hao hutaga. Fomu za kuhesabu zilipoletwa mara ya kwanza, askari wa hifadhi walisema doria zao ziko upande wa pili. Mkuu wa wakati ule akasema mtu atafutwe, na hakutafutwa mtu. Fomu zikabaki mezani kwangu. Siku moja shemeji alikuwa anafagia, akaiona picha ya ndege kwenye karatasi, akasimamisha ufagio.

“Hawa? Hawa si majirani zangu,” alisema. “Leo nimewaona tisa. Na mashimo manne yana wenyewe.”

“Umejuaje kama yana wenyewe?”

“Kwa uchafu, shemeji. Mimi mtu wa ufagio nisijue uchafu?”

Sikuuliza zaidi. Tangu siku ile alianza kuniletea vipande vya karatasi. Alivikata kutoka kwenye mifuko ya unga, upana wa vidole vitatu, akaandika kwa penseli: tarehe, idadi ya ndege, idadi ya mashimo yenye jike ndani. Mara nyingine aliongeza neno moja, kama vile mvua, au upepo, au nimechelewa. Hata siku za mapumziko alipita, akaleta vipande viwili kwa pamoja. Mimi nilivinakili kwenye fomu, kisha nikavifunga kwa mpira, mwezi kwa mwezi, na kuviweka kwenye droo ya chini ya kabati la chuma. Sikuwa na sababu ya kuviweka. Ni mazoea tu, karatasi ikishafika kwangu siwezi kuitupa.

Fomu ya mwezi wa kwanza niliituma kwa jina lake. Ilirudi baada ya wiki tatu ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu: Mtazamaji hana namba ya utumishi. Jaza upya. Shemeji ni kibarua, na kibarua hapewi namba. Nikajaza upya kwa jina langu na namba yangu.

“Naweka yangu kwa muda tu, shemeji,” nilimwambia. “Mpaka wakupe yako.”

“Weka. Ndege wenyewe hawana namba.”

Muda ule ukawa miaka kumi na miwili.

Mchana ule wa barua, habari ilikuwa imeshazunguka ofisi nzima, kwa sababu tuna askari mmoja tunayemwita Redio, na Mkuu alifanya kosa la kumwambia. Redio aliingia masjala bila kubisha, akanipigia saluti.

“Karani! Kumbe wewe ndiye chui wa huku! Sisi tunakuona unazunguka kwenye makabati, kumbe asubuhi na mapema uko juu ya miti!”

“Redio, nina kazi.”

“Miaka kumi na miwili! Na hata kupe mmoja hajakuganda. Tupe dawa, mzee. Unajipaka nini?”

Waliokuwa mlangoni walicheka. Nami nilicheka. Najua sasa kwamba Redio hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatania tu kama anavyomtania kila mtu. Lakini nilipocheka nilikuwa nimeshakubali jambo, na hakuna aliyenilazimisha.

Nyumbani nilimpa mke wangu nakala ya barua. Yeye ni fundi cherehani, na alikuwa anashona sare za shule. Aliisoma bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

“Dada anajua?”

“Nitamwambia kesho.”

“Kesho hii hii, au ile kesho yako?”

“Mama watoto, hili si jambo la kukurupuka. Nalipanga kwanza.”

Aliukata uzi kwa meno. “Bila kukosa hata siku moja,” akasoma tena, polepole. “Na ule mwezi wa hospitali je?”

Niliikunja barua. Yeye akarudi kwenye sare zake, na cherehani ikasema peke yake mpaka chakula kikaiva.

Mwezi wa hospitali ulikuwa katika mwaka wa nne. Mume wa shemeji, aliyekuwa fundi wa baiskeli, aliugua ghafla, na shemeji akakaa naye wodini siku kumi na tisa. Zilikuwa siku za mvua kubwa kuliko zote tunazozikumbuka. Alfajiri ya siku ya kumi na tisa mumewe akafariki, tukamzika jioni ile ile. Kesho yake, mapema kuliko tulivyomtarajia, shemeji alirudi kazini kwa njia yake ile ile, akaniletea kipande kimoja kirefu kidogo kuliko vingine. Kiliandikwa: Siku 19 sikupita. Usijaze chochote. Leo ndege 3, mashimo 2, mengine matatu yamejaa maji.

Mimi nilijaza. Fomu yenye siku tupu ilikuwa ikirudishwa na kalamu nyekundu, na nilikuwa nimechoka na kalamu nyekundu. Nilichukua hesabu za wiki iliyotangulia, mashimo matano, nikayaandika kwa siku zote kumi na tisa. Kwenye ndege nilibadilisha kidogo kidogo, saba, nane, saba, sita, ili pasionekane pamenakiliwa. Ilinichukua nusu saa. Niliifanya kazi hiyo vizuri, kwa mwandiko mzuri, na nilipomaliza nilikwenda kunywa chai.

Kesho yake ilipita, na ya pili. Siku ya tatu shemeji alikuja kufagia masjala kama kawaida, nami nikaweka kalamu chini.

“Shemeji, kuna jambo nilitaka…”

“Hongera. Redio kashanitangazia. Nyanyua miguu nipite.”

Nikanyanyua miguu.

“Si unajua ni kwa sababu ya ile namba,” nilisema.

“Najua.” Alikokota vumbi kutoka chini ya meza. “Unafikiri nitakununia? Hiyo tuzo kama inaifanya miti yangu isikatwe, nipewe mimi, upewe wewe, wapewe hondohondo wenyewe, yote sawa. Ila hivyo viatu, shemeji. Mkaguzi akikuona navyo msituni atajua umetoka harusini.”

Alicheka, akatoka na taka zake. Nilikichukua kicheko kile kama ruhusa. Sikumsomea barua. Sikumwambia maneno yaliyokuwa ndani yake, yale ya bila kukosa hata siku moja. Nilijiambia kwamba hakuuliza.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na buti zilizokwishapita matope mengi. Alikuja na sanduku la fomu zangu zote. Mkuu alipanga twende watatu hadi kwenye miti, akamwambia shemeji atufuate na chupa ya chai na vikombe. Kwa hiyo tulikwenda hivyo: Mkuu mbele akieleza mipaka ya hifadhi, mkaguzi, mimi na viatu vyangu, na nyuma yetu mtu pekee aliyeijua njia.

Chini ya mti wa kwanza mkaguzi alisimama, akatazama juu. Shimo lilikuwa mbali, kama mlango mdogo uliosiribwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba katikati.

“Hebu niambie, Karani,” alisema kwa sauti ya mtu anayejifunza. “Wewe unajuaje kama shimo lina jike ndani?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Nilisoma nakala za fomu zote usiku mzima kama mtu wa mtihani. Hilo sikuliandaa.

“Unasubiri kidogo,” nilisema. “Unamwona anavyoingia na kutoka.”

Mkaguzi alishusha macho kutoka mtini, akanitazama.  Sikuelewa nimesema nini, lakini nilijua nimeanguka, kama unavyojua ngazi haipo kabla mguu haujafika chini.

“Usimsikilize huyo, mgeni,” ilisema sauti ya shemeji nyuma yetu. “Shemeji yangu ni mtani. Anakupima tu aone kama unawajua.” Alikuwa anamimina chai, hakuinua uso. “Si ndiye aliyenifundisha mimi kwamba jike hatoki? Akishaingia wanaziba mlango, anakaa humo miezi mpaka watoto wakue, na baba wa watu anahangaika kumlisha kwa huo ufa. Unaangalia chini, mgeni. Mbegu mbichi hizi hapa, na mavi haya hapa, hayajakauka. Huyu yupo. Mti wa mbele yake uchafu ni wa zamani. Huyo hayupo.”

Mkaguzi aliinama, akaokota mbegu, akaigeuza. Kisha akacheka kwa furaha. “Karani, karibu unipate.”

“Ndivyo alivyo,” alisema shemeji, na kunipa kikombe.

Nilikishika kwa mikono miwili. Katika maisha yangu nimefokewa, nimetolewa makosa mbele ya watu, nimewahi hata kutimuliwa ofisini na Mkuu wa zamani. Hakuna kilichonichoma kama kile kikombe cha chai.

Laiti ingeishia hapo. Lakini mkaguzi alikaa juu ya mzizi, akafungua sanduku, akatoa fomu moja ambayo pembeni yake kulikuwa na karatasi ya rangi.

“Hii ndiyo iliyoifanya kamati ikuchague,” alisema. “Mwaka wa mafuriko. Vituo vyote vingine viliacha kuhesabu, madaraja yalikwenda na maji. Wewe peke yako uliandika kila siku. Siku kumi na tisa, mashimo matano, matano, matano. Halafu siku ya ishirini, ghafla, mawili.” Alivua miwani. “Wataalamu wetu wamebishana miaka minane. Ndege wamevumilia mafuriko yote yale, kisha mvua inapungua ndipo wanaondoka kwa usiku mmoja. Kuna hata ripoti imeandikwa. Nikasema nikifika nitakuuliza mwenyewe. Siku ile uliona nini?”

Mkuu alitabasamu, akinisubiri nimpe fahari. Mimi nilimtazama shemeji.

Alikuwa ameshika kifuniko cha chupa. Alikuwa anahesabu, niliona midomo yake. Mwezi, mwaka, siku. Kisha midomo ikasimama.

Safari hii hakunisaidia. Aliweka kifuniko chini taratibu, akaiacha chupa pale pale na vikombe pale pale, akageuka na kurudi kwenye njia kwa mwendo wake wa kila siku.

“Nilijitahidi,” nilimwambia mkaguzi. “Zamani kidogo. Nilijitahidi tu.”

“Unyenyekevu,” alisema Mkuu.

Mchana shemeji alikuja masjala. Hakuwa na ufagio. Alifunga mlango, na kwa kuwa sijawahi kumwona akiingia mle mikono mitupu, nilisimama kama ninavyosimama akiingia Mkuu.

“Kaa,” alisema.

Nikakaa.

“Jina sikulilia. Lini umenisikia nalilia jina?”

“Hujawahi, shemeji.”

“Pale mtini nimekuficha. Ungeumbuka mbele ya mgeni, na wewe ni mume wa mdogo wangu, baba wa wanangu. Nikasema acha. Ningekuficha na kesho.” Sauti yake haikupanda. “Lakini zile siku nilikuandikia usijaze. Nilikuandikia au sikukuandikia?”

“Uliniandikia.”

“Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya kitanda, kwa sababu viti havikutosha. Nilikuwa namlowanisha midomo kwa pamba. Na wewe uko hapa, umekaa kwenye kiti, unanihesabia ndege.”

“Walikuwa wanarudisha fomu…”

“Ndege saba. Ndege nane. Siku aliyokufa uliniandikia ndege wangapi, shemeji?”

Nilikuwa nimeiona fomu ile asubuhi. Nilijua.

“Sita,” nilisema.

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeulizia mahali akaelekezwa.

“Watu wanasoma kwamba siku ile nilipita njiani, nikainua macho, nikahesabu sita.” Alishika kitasa cha mlango. “Tuzo yako ichukue. Mimi zile siku zangu zitoe humo.”

“Nikizitoa, hakuna tuzo.”

“Mimi sijui mambo ya tuzo,” alisema, akafungua mlango. “Wewe ndiye mtu wa karatasi.”

Jioni nilimkuta mke wangu anapakua. Dada yake alikuwa ameshapita. Nilijua kwa jinsi alivyoniwekea chakula, kila kitu mahali pake, bila neno.

Asubuhi iliyofuata mkaguzi alikuwa ofisini kwa Mkuu, anamalizia ripoti yake kabla ya kuondoka. Nilifungua droo ya chini ya kabati, nikavitoa vile vipande, mafungu mia moja arobaini na kitu, nikavipanga kwenye katoni ya karatasi kwa mfuatano wa miezi. Hata saa ile nilivipanga. Kisha nikabisha hodi.

“Karani!” alisema Mkuu. “Njoo, tulikuwa tunakutaja. Mbona hivyo, unaumwa?”

Niliweka katoni mezani. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, kwa sababu mimi si msemaji, lakini nikaikunja bila kuisoma. Nikasema kwa mdomo. Kwamba sikuhesabu mimi. Kwamba aliyehesabu ni yule mama wa chai. Kwamba siku kumi na tisa za mwaka wa nne hakuhesabu mtu yeyote, na nilizitunga, hapo hapo kwenye meza yangu.

Mkuu alicheka kwanza, akidhani ni ule utani wangu wa mtini. Kisha akaacha.

“Karani,” alisema kwa sauti ya chini, “hifadhi hii haijawahi kutajwa popote. Miaka yote. Sasa imetajwa, na wewe unakuja na katoni?” Akamgeukia mkaguzi. “Mama, huyu bwana hajalala. Tumpe mapumziko. Kama ni msaidizi, basi aseme alikuwa na msaidizi, mbona kila mtu ana msaidizi.”

Ilikuwa njia, na ilikuwa wazi. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliitamani. Ningeweza kusema ndiyo, nilikuwa na msaidizi.

“Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi, mzee,” nilisema. “Tena msaidizi mbaya.”

Mkaguzi aliivuta katoni. Alikuwa ameshavaa miwani. Alitafuta fungu la mwezi ule, akautoa mpira, akaviweka vipande kimoja kimoja mezani. Vilikuwa vichache. Alipofika kwenye kile kirefu, alikisoma kimya, kisha kwa sauti.

“Mengine matatu yamejaa maji.” Alikigeuza nyuma, palikuwa na nusu ya picha ya mfuko wa unga. “Yamejaa maji. Miaka minane tunaulizana.”

“Samahani,” nilisema.

“Usiniambie mimi.” Hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu angekuwa mkali. “Chukua kalamu. Hizi siku uzikate wewe mwenyewe, mstari mmoja kila siku, usifute, isomeke kilichokuwepo. Pembeni andika sababu, tarehe ya leo, na saini yako. Kila mstari.”

Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikakata. Niliandika mara kumi na tisa: Hakupita mtu. Hesabu ilitungwa na karani. Mkuu alisimama dirishani na kutugeuzia mgongo. Mstari wa mwisho ulikuwa ule wa ndege sita.

“Tuzo haitakuwepo,” alisema nilipomaliza. “Nadhani unajua.”

“Najua. Lakini yeye je? Kazi ni yake. Vipande hivi hapa.”

“Kamati haitoi tuzo kwa rekodi iliyotungwa, na rekodi ni moja. Haiangalii nani aliyeitunga.” Alifunga sanduku. “Jina lake nitaliingiza kama mtazamaji, miaka yote, ukiziondoa siku hizo. Hilo liko mikononi mwangu, nitalifanya leo. La tuzo haliko mikononi mwangu. Hata mwakani siwezi kukuahidi.”

Kwa hiyo tuzo yake nayo niliichukua. Hilo sikulipanga. Nilikwenda pale nikidhani aibu ni yangu peke yangu na nitaibeba hadi mwisho, kumbe kwa ile nusu saa yangu na mwandiko wangu mzuri nilikuwa nimeshamnyang'anya kitu miaka minane kabla hakijafika.

Nilimkuta nyuma ya ofisi, anakung'uta mikeka ya milangoni. Nilisimama pembeni mpaka vumbi likatulia.

“Zimetoka?” aliuliza.

“Zimetoka.”

“Zote?”

“Zote kumi na tisa. Na jina lako limeingia. Lakini tuzo, shemeji, hawatakupa wewe pia. Kwa sababu yangu.”

Aliupindua mkeka, akaupiga upande wa pili. 

“Siku aliyokufa wameandikaje?” aliuliza mwishowe.

“Hakupita mtu.”

“Hapo sawa,” alisema, akachukua mkeka mwingine.

Ofisini walijua kabla ya saa saba. Redio aliingia masjala kuleta karatasi ya mafuta ya gari, akaiweka mezani, akasema, “Hii hapa, Karani,” akatoka. Ndiyo maneno machache kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Mkuu ananisalimia kama kawaida, ila barua za siri sasa anazifungua mwenyewe. Sioni kama ananionea. Mke wangu alinisemesha siku ya nne, kuhusu chumvi.

Siku ya kwanza ya wiki iliyofuata shemeji alipita msituni kama kawaida na kufika saa ile ile. Sikujua kama ataniletea kipande. Aliingia, akauegemeza ufagio ukutani, akaja hadi kwenye meza yangu.

“Fomu iko wapi?”

Nikampa. Hakunipa kipande cha kunakili. Alisimama anasubiri, ikanichukua muda kuelewa anasubiri nini. Nikaondoka kwenye kiti. Alikaa, akakisogeza mbele, kwa kuwa mimi ni mrefu kuliko yeye, akachukua kalamu yangu. Aliandika jina lake lote, polepole, herufi zimesimama wima. Kwenye nafasi ya namba ya utumishi alipiga mstari, akaendelea.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya masjala yangu, sina pa kuweka mikono. Nilitaka kumwambia tena kwamba naomba radhi. Nilikuwa nimeshamwambia mara mbili, na mara zote mbili alisema amesikia.

Aliinua kalamu.

“Leo tarehe ngapi?”

Nikamtajia. Aliangalia kalenda ukutani, akahakikisha, ndipo akaandika.